Usikope kwa ajili ya bathdei ya mtoto, mtimizie ahadi ndogo

KAMA uko kwenye miaka ya ishirini na kitu kama mimi, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna mtoto mdogo mahali fulani anayekuhesabu wewe kama mtu mzima wake. Huenda ni wako. Huenda ni wa dada yako, wa kaka yako, au wa jirani anayekuachia kila Jumamosi akienda kufulia watu nguo. Hukuomba hiyo kazi, lakini uko nayo. Leo nataka tuongee kuhusu huyo mtoto, na kuhusu pesa unazopanga kukopa kwa sababu ya bathdei yake.

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana mpwa wangu alitimiza miaka minne. Mamake, ambaye ni dada yangu, hufanya kazi ya zamu, kwa hivyo mimi ndiye hubaki na kijana jioni katika nyumba yetu ya vyumba viwili pale Umoja, Nairobi. Nilijiambia kwamba bathdei hiyo lazima ploti yote iizungumzie. Nikachukua mkopo wa simu wa shilingi 5,000, nikakodisha lile jumba la hewa ambalo watoto huingia ndani kurukaruka, nikaliweka kwenye uwanja mdogo wa kuegesha magari. Watoto 16 wakafika, wengine hata sikuwajua.

Baada ya nusu saa hivi stima ikapotea.

Kama hujawahi kuliona jumba la aina hiyo karibu, linasimama kwa sababu kuna feni inayolipuliza hewa bila kupumzika. Stima ikienda, feni inanyamaza, na jumba linaanza kunywea kama chapati iliyotolewa motoni. Tuliwavuta watoto nje mbiombio. Mwenye jumba akaniambia kwa upole kwamba muda niliolipia unaendelea kuhesabika, mambo ya stima si yake. Watoto wakaanza kulia, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama hapo na simu mkononi kama mtu aliyeachwa na matatu usiku.

Aliyetuokoa ni Shosh mmoja wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa amekuja kula keki tu. Aliniuliza, "Mwanangu, huna sufuria na mwiko?" Nikamletea. Akakalia kistuli, akaanza kupiga ile sufuria na kuwaambia watoto wacheze. Akinyamaza, kila mtu agande kama sanamu. Mtoto aliyetingishika hakutolewa. Aliitwa mbele, akapewa mwiko, akapiga yeye raundi iliyofuata. Ndani ya dakika tano hakuna aliyekuwa analia tena. Shosh aliwashika hivyo, mchezo baada ya mchezo, kwa karibu saa mbili. Stima iliporudi, hakuna mtoto aliyeligeukia lile jumba haraka.

Usiku nikimwosha mpwa wangu miguu nilimuuliza kama bathdei ilikuwa poa.

"Ilikuwa poa. Shosh alipiga sufuria."

Nikangoja aseme kuhusu jumba. Hakusema. Akaniangalia, akauliza, "Anko, na treni?"

Treni! Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimemwahidi kwamba akilala wiki nzima bila kulilia simu yangu, nitampeleka akapande treni. Alilala wiki nzima bila kulilia simu. Mimi nikasahau. Yeye hakusahau. Nilikuwa nimelipa 5,000 na riba juu yake kwa kitu ambacho hakuniomba, huku nikimkalia deni la kitu alichokifanyia kazi.

Hoja yangu basi ni hii: watoto wetu wadogo hawahitaji mambo makubwa ya mara moja kwa mwaka. Wanahitaji tuzo ndogo za nyumbani zinazolipwa kwa wakati, na mtu mzima aliye tayari kuketi chini acheze nao. Vyote viwili havigharimu pesa nyingi. Vinagharimu neno lako na muda wako, na nadhani ndiyo sababu tunaona ni rahisi zaidi kukopa.

Tuanze na tuzo. Si ulipokuwa nasari mwalimu alikuchorea nyota kwenye mkono, ukarudi nyumbani ukiwa umeuinua huo mkono usiguse maji? Nyota ile haikuwa na bei. Ilikuwa ushahidi kwamba mtu mkubwa ameona ulichofanya. Mfumo wa tuzo wa nyumbani ni huohuo, ila unaufanya kwa utaratibu.

Mimi hutumia vizibo vya soda. Nilimwomba mwenye duka la chini aniwekee, nikaviosha kwa maji moto, nikavipaka rangi, na nikatafuta mkebe mtupu wa siagi. Gharama yote ilikuwa rangi ya kucha ya dada yangu, na hiyo alinilipisha kwa maneno makali.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kwanza, chagua tendo moja tu. Si matatu, si "kuwa na tabia nzuri". Mtoto wa miaka minne hajui tabia nzuri ni nini, anajua kupiga mswaki. Pili, litaje tendo kama kitu cha kufanya, si cha kutofanya. "Usisumbue usiku" haishikiki. "Piga mswaki, ingia kitandani, simu ibaki mezani" inashikika. Tatu, kizibo kitolewe papo hapo, tendo likiisha tu, na mtoto mwenyewe akitumbukize kwenye mkebe. Ule mlio wa kizibo kikigonga bati ni nusu ya tuzo yenyewe. Nne, hesabu iwe fupi. Vizibo vitano vinatosha. Ukimwambia mtoto wa miaka minne akusanye 30, umemwambia asubiri uzee.

Tano, tuzo ya mwisho iwe muda, si kitu. Mpwa wangu anapenda matatu kuliko chochote duniani. Vizibo vyake vitano vikitimia, Jumapili tunaenda stejini kuangalia nganya zenye michoro na taa, na tukiwa na nauli tunapanda moja hadi kituo kinachofuata, kisha tunarudi kwa miguu. Mtoto wa jirani yetu huchagua kupika chapati na mamake, yaani kupewa donge lake mwenyewe alisukume. Mwingine huchagua hadithi mbili badala ya moja. Muulize mtoto wako, usimkisie.

Sita, na hapa ndipo wengi wetu huharibu: kizibo kilichoingia mkebeni hakitoki. Akikosea kesho, hakuna kizibo cha kesho, basi. Cha jana ni chake, alikifanyia kazi. Ukianza kumnyang'anya, mkebe unageuka kuwa fimbo yenye rangi, na ataacha kuujali.

Baada ya wiki tatu au nne, tendo likishakuwa mazoea, uachishe mkebe polepole. Sema, "Siku hizi unajua kulala, sasa tutafute jambo lingine." Mpwa wangu siku hizi hupiga mswaki bila kizibo. Hata mimi hunikumbusha.

Kwa nini ninasisitiza sana suala la kulipa? Kuna utafiti mmoja niupendao uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013 na Celeste Kidd na wenzake. Huenda umesikia lile jaribio la zamani la kumwekea mtoto peremende laini mbele yake na kumwambia akingoja bila kuila atapata ya pili. Watu walizoea kusema anayengoja ana nidhamu na asiyengoja hana. Kidd na wenzake waliongeza hatua moja kabla ya jaribio. Walichukua watoto 28 wa umri wa nasari, wakawaahidi kalamu nzuri za rangi na baadaye stika nzuri. Kwa nusu yao mtu mzima alirudi na alichoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akisema samahani, hakuna.

Ndipo wakaleta peremende. Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3 hivi. Kati ya 14 waliotimiziwa, 9 walivumilia dakika zote 15. Kati ya 14 waliodanganywa, aliyefika mwisho ni mmoja tu.

Tafakari kidogo. Watoto hao wa kundi la pili hawakukosa nidhamu. Walikuwa wamefanya hesabu sahihi: huyu mtu mzima haaminiki, wacha nile kilichopo. Kila ukisema "kesho" na kesho haiji, unamfundisha mtoto hesabu hiyo. Kisha akikunyakua simu au akigaragara sakafuni sokoni, unauliza ametoa wapi hiyo tabia.

Najua kuna anayesoma hapa akisema, "Buda, hiyo ni hongo. Unalea mtoto atakayeuliza atapata nini kabla ya kuinua kijiko." Hoja hiyo siipuuzi. Sisi ni Wakenya, tunajua "kitu kidogo" ni nini na kimetufikisha wapi. Lakini angalia tofauti. Hongo hutolewa katikati ya fujo ili fujo ikome. Mtoto anapiga mayowe kwenye foleni ya supamaketi, unamnunulia switi anyamaze. Hapo umelipia mayowe, na kesho utapata mayowe zaidi kwa sababu yana soko. Tuzo hukubaliwa mapema mambo yakiwa matulivu, na hulipwa baada ya kazi. Huo ni mshahara wa mazoezi, na kama nilivyosema, una mwisho.

Hata hivyo, mwenye hoja hiyo ana ukweli mmoja ambao ni lazima nimpe. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti waliofanya katika nasari ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa hiari yao. Kundi moja liliambiwa mapema kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili lilipewa cheti hichohicho bila kuambiwa mapema. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili waliwekewa tena kalamu, wachore au waache. Wale waliochora kwa ajili ya cheti walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Kuchora kulikuwa kumegeuka kazi.

Nami niliona hayo kwa macho yangu. Mkebe ulipoanza kufanya kazi, nililewa ushindi. Nikaanza kutoa kizibo kwa kila kitu, hadi kwa michoro ya matatu ambayo mpwa wangu hutengeneza kwenye karatasi za daftari langu. Zamani alikuwa anachora tairi, dereva, hata kondakta akining'inia mlangoni. Ndani ya siku tatu alikuwa ananiletea mistari miwili na kunyoosha mkono. Niliacha siku hiyohiyo. Sheria yangu sasa ni kwamba sitoi kizibo kwa jambo analolipenda tayari. Kwa michoro, kwa kunisaidia kuchambua maharagwe, kwa kumpelekea Shosh maji, namwambia nilichokiona: "Umemweka kondakta na kofia leo." Hiyo inatosha.

Vilevile kuna upande wa kiboko, ambao sisi vijana tunausema kama mzaha: "Sisi tulichapwa na tukakua sawa." Tuseme ukweli, wengi wetu tulikua tukijua kujificha. Kenya imeshalisemea jambo hili kisheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili na adhabu za kinyama, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Lakini sheria haikupi cha kufanya saa mbili na nusu usiku ukiwa umechoka na mtoto hataki kulala. Mkebe unakupa. Siku niliyokaribia kumpiga kofi, kilichonizuia ni kwamba nilikuwa na sentensi nyingine ya kusema: "Kizibo cha leo bado kiko hapa mezani, nakungojea." Tulingojeana dakika 20. Ilikuwa ndefu. Lakini alipiga mswaki.

Sasa turudi kwenye bathdei, maana najua kuna mtu hapa ana moja mwezi ujao na tayari ameanza kuulizia bei. Weka simu chini. Kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, saa mbili zinatosha kabisa. Unahitaji michezo mitano, dakika kumi hadi 15 kila mmoja, ukibadilisha wa kelele na wa utulivu. Hii hapa, yote nimeijaribu kwenye uwanja uleule wa magari.

Wa kwanza ni ule wa Shosh, sanamu za sufuria. Kumbuka siri yake: anayekosea hatoki, anapewa mwiko. Huu mchezo wa kutoa watu mmojammoja, kama ule wa kugombea viti muziki ukizimwa, unawafaa watoto wakubwa. Kwa wadogo, wa kwanza kutolewa huwa ndiye mdogo kuliko wote, na sherehe yake inaishia kwenye mapaja ya mamake akilia.

Wa pili ni kisiwa cha leso. Tandaza leso mbili chini. Muziki ukiimba watoto wazunguke, ukizima wote wapande kisiwani. Kila raundi unakunja leso iwe ndogo zaidi. Lazima watoshe wote, kwa hivyo watashikana, watabebana, watacheka. Hakuna anayeshinda peke yake.

Wa tatu ni kifurushi cha gazeti. Siku moja kabla, funga pakiti ya biskuti kwa magazeti ya zamani, tabaka juu ya tabaka, angalau idadi ya watoto. Katika kila tabaka weka karatasi ndogo yenye kazi: ruka kama chura, mkumbatie aliye kushoto kwako, lia kama jogoo. Waketi duara wapitishe kifurushi, muziki ukizima aliyenacho afungue tabaka moja. Wewe mwenye kuzima muziki angalia vizuri kila mtoto apate zamu. Biskuti za mwisho ni za wote.

Wa nne ni kiazi kwenye kijiko. Chora mistari miwili kwa chaki, wagawe watoto katika makundi mawili, wapokezane kijiko cha mbao chenye kiazi kidogo. Kiazi kikianguka, okota uendelee. Kiazi ni bora kuliko yai, na bei ya mayai unaijua.

Wa tano ni msako wa vizibo. Ficha vizibo 40 vilivyopakwa rangi mahali wanapoweza kufika, chini ya ngazi, kando ya ndoo, kwenye sahani ya maua. Kila kinachopatikana kinaingia kwenye beseni moja la wote. Vikitimia 40, keki inakatwa. Utashangaa jinsi mtoto mchoyo anavyomwonyesha mwenzake mahali kizibo kilipo ikiwa beseni ni moja.

Wakiwa na pumzi bado, wape michezo yetu ya zamani. Brikicho, yaani ule wa kujificha na kutafutana, na tapo, wa kukimbizana na kugusana, hata wa miaka minne wanaweza. Kati na blada waachie madada zao wakubwa, na hao wakubwa usiwaache wakizurura. Wape kazi ya kushika muziki au kupanga mistari. Mtoto wa miaka kumi aliyepewa cheo ni msaidizi bora kuliko yeyote wa kukodishwa.

Tahadhari chache. Kizibo cha soda kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Kipimo rahisi ni ule mrija wa karatasi unaobaki shashi ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake kisifike mkononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa hao tumia vijiti vya aiskrimu au chora nyota ukutani. Njugu nzima na switi ngumu usiwape wadogo. Baluni ikipasuka, okota vipande vyote mara moja. Na usifanye sherehe kwenye paa la ploti kule kwa kuanika nguo, hata kama kuna nafasi.

Sasa nije kwa lile tusilolisema. Wengi wetu hatukodishi jumba la hewa kwa ajili ya mtoto. Tunakodisha kwa ajili ya picha. Tunataka wale tuliosoma nao waone kwamba hata sisi tumeomoka kidogo. Mimi nilikuwa hivyo. Picha niliyoweka siku ile ilipata pongezi nyingi. Ilipigwa dakika kumi kabla ya stima kupotea. Deni lake nililipa kwa miezi miwili, na katika miezi hiyo nilikosa hata nauli ya kumpeleka mtoto stejini Jumapili. Yaani nilikopa ili nionekane nampenda, kisha deni likanizuia kumpenda kwa vitendo.

Simaanishi kwamba mwenye pesa asizitumie. Ukiwa nazo, kodisha, watoto wafurahi, na siombei stima yako ipotee. Wala simaanishi kwamba sufuria na vizibo vinaondoa shida za kulea mtoto kwenye nyumba finyu kwa mshahara finyu. Kodi ni kodi. Dada yangu bado anarudi saa nne usiku akiwa hoi, na kuna jioni mimi mwenyewe natamani nimpe kijana simu anyamaze, na kusema ukweli kuna jioni nampa. Lakini tusijidanganye kwamba kinachokosekana ni pesa peke yake. Kutimiza neno ulilosema Jumanne hakuhitaji mkopo.

Sisi tumekulia katika nchi ya ahadi. Kila baada ya miaka mitano tunaahidiwa barabara, kazi na maji, na tumejifunza kucheka tukisikia. Tumeshajifunza hesabu ya yule mtoto wa Rochester: kula kilichopo. Ni hesabu ya mtu aliyedanganywa mara nyingi, na sitaki mpwa wangu aijue akiwa na miaka minne, tena kutoka kwangu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema ni deni la watu wazima pekee.

Kuhusu treni, nililipa. Nilipata siku moja ya kupumzika kazini katikati ya wiki, nikamwamsha mapema, tukaenda stesheni ya Makadara kungoja treni ya asubuhi ya kwenda mjini. Tulisimama njia nzima, tumebanwa na watu wa kazi na mabegi yao. Nilimbeba begani aone nje. Safari ilikuwa fupi, nikadhani ataniuliza kama ndiyo imeisha. Tulipofika alinishika sikio, akasema kwa sauti ya kutosha abiria wote wasikie, "Anko, ulisema na umefanya."

Leo ukipita dukani, omba kizibo kimoja. Ukifika nyumbani, chuchumaa mtoto akuone usoni, mwambie tendo moja, mwambie utalipa nini na lini. Kisha ulipe.